Seti ya pete mbili za kupimia udongo wa mfinyanzi unavyonyonya maji ya mvua: mwaka mmoja na ushee nikiitumia

Habari wadau. Hii ni rivyu ya seti ya pete mbili za chuma za kupimia maji yanavyozama ardhini, wataalamu wanaiita infiltromita ya pete mbili, na nimekaa nayo mwaka mmoja na ushee sasa. Nimeitumia kwenye udongo wa mfinyanzi, ule mzito haswa, ukiulowesha ukauminya kati ya kidole gumba na cha shahada unatoa utepe unaozidi sentimita 5 bila kukatika, na ukikauka unapasuka mpaka vidole vinaingia kwenye ufa. Nataja udongo mapema kwasababu kabla sijanunua nilisoma rivyu nyingi za watu wenye udongo wa kichanga, wao maji yanazama nusu saa, wanaandika namba, wanatoa nyota tano basi. Mfinyanzi hauendi hivyo, na kama hujui hilo seti hii itakupa namba ya uongo huku unaamini umepima vizuri. Mi naipa nyota nne. Hiyo moja niliyoikata nitaieleza maana ndo iliyonipotezea muda.

Kilichonisukuma ni maji ya paa. Mtaa umejaa zege na lami, mvua ikipiga nusu saa mtaro umefurika na maji yanakimbilia kwa walioko bondeni, na paa langu na sehemu ya kuegesha gari vinachangia hayo maji, kwahiyo sikuona sababu ya kulalamikia mtu mwingine. Nikataka bustani ya mvua, yani bonde dogo lenye mimea linalopokea maji ya paa, linayashika kidogo halafu yanazama taratibu. Nikauliza mafundi wawili. Wa kwanza akasema mfinyanzi haunyonyi hata tone usijisumbue, wa pili akasema chimba tu udongo wowote unanyonya. Wote wawili waliangalia kwa macho tu wakiwa wamesimama, hakuna aliyepima chochote, na hapo ndo nikaamua nitapima mwenyewe kabla sijashika koleo.

Ndani ya seti kuna pete ya ndani yenye kipenyo cha sentimita 30 na ya nje sentimita 60, zote zina urefu wa nusu mita hivi, makali upande wa chini, pamoja na sahani nene ya chuma ya kuwekea juu wakati wa kugonga ili pete isipinde. Vipimo hivyo ndo vya ASTM D3385, kiwango cha shirika la viwango la Marekani ambacho watu wengi wanakifuata. Chuma chenyewe ni kizuri, hakijapinda wala kushika kutu mpaka leo, na makali bado yapo. Ni nzito lakini, ile ya nje usiibebe peke yako kama mgongo unakusumbua.

Kwanini pete mbili na sio moja? Maji yakiingia ardhini hayashuki chini tu, yanatambaa pia pembeni kufuata udongo mkavu. Ukiwa na pete moja unapima vyote viwili pamoja na unadhani yote yameshuka. Pete ya nje inajazwa maji usawa uleule, inalowesha ule udongo wa pembeni, kwahiyo maji ya pete ya ndani yanabaki na njia moja ya kwenda, chini. Unasoma ya ndani peke yake. Wazo ni rahisi na linafanya kazi, ingawa kwenye mfinyanzi mkavu mvuto wa pembeni ni mkali na hata pete ya nje haiumalizi wote.

Sasa kupigilia. Hapa ndo nilikosea mara ya kwanza, na naona wengi watakosea pia. Niliweka pete kwenye udongo mkavu nikapiga nyundo, mfinyanzi ukapasuka kuzunguka chuma kama chungu kilichoanguka, nikajaza maji yakawa yanapotea nikafurahi kweli. Kumbe maji yalikuwa yanateleza kati ya chuma na udongo, yanatokea nje ya pete, nimepima ufa nilioutengeneza mwenyewe. Siku hizi nalowesha eneo siku moja kabla kwa maji kidogo kidogo, nachora duara kwa kisu kirefu kufuata makali ya pete, halafu naisukuma chini taratibu kwa kugonga kidogo upande huu kidogo upande ule huku pima maji ikiwa juu kuhakikisha haijalala. Ya nje inashuka kama sentimita 15, ya ndani 5 mpaka 10. Kimwanya kikibaki nakiziba kwa uji mzito wa bentonaiti, ule udongo unaovimba sana ukilowa, napaka kwenye kingo tu na sio katikati. Ukiona maji ya pete ya ndani yanashuka haraka mno na udongo ulioshika chuma unaonekana umeachia, ng'oa anza upya sehemu nyingine, usijaribu kuokoa hicho kipimo.

Kujaza nako kuna hesabu yake. Kina cha sentimita 15 kwenye pete zote mbili ni lita 42 hivi, kwahiyo andaa ndoo. Habari njema kwa watu wa mfinyanzi ni kwamba baada ya hapo unaongeza kidogo sana, tofauti na mwenye mchanga ambaye pete ya nje peke yake inaweza kumla lita 20 kwa saa na zaidi. Weka kipande cha gunia au plastiki chini wakati unamimina, maji yakianguka moja kwa moja yanavuruga uso wa udongo, chembe laini zinaelea halafu zinatua na kuziba matundu, na hiyo tu inatosha kubadilisha jibu.

Nije kwenye nyota niliyokata. Karatasi ya maelekezo inayokuja na seti inasema soma kila dakika chache, endelea kwa saa moja au mpaka namba zitulie, kisha chukua hiyo. Basi. Hakuna neno hata moja kuhusu mfinyanzi. Nikafuata. Kipimo changu cha kwanza kilichokaa sawa, kipindi cha ukame, saa ya kwanza udongo ulikunywa karibu milimita 60. Nikaruka. Milimita 60 kwa saa ni udongo wa kujengea bustani ya mvua bila wasiwasi wowote, nikaanza kuchora ramani jioni ileile. Bahati niliacha pete pale na maji ndani kwasababu giza liliingia, nikasema ngoja niangalie kabla ya kulala. Saa ya tano spidi ilikuwa imeshuka mpaka milimita 4 kwa saa. Kesho yake asubuhi, moja na nusu. Jioni yake, bado moja na nusu. Udongo uleule, pete zilezile, namba imepungua mara arobaini.

Kilichotokea ni kwamba ile saa ya kwanza maji yalikuwa yanajaza nyufa. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, na aina nyingine za mfinyanzi, hasa jamii ya smektaiti ambamo imo montmorilonaiti, zina tabaka zinazovuta maji katikati yake na kutanuka. Udongo ukikauka unasinyaa na kupasuka, ukilowa unavimba na nyufa zinajifunga zenyewe. Kaolinaiti, aina nyingine ya mfinyanzi, haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa, kwahiyo watu wawili wote wenye mfinyanzi wanaweza kupata picha tofauti kabisa, mmoja namba yake inashuka kidogo tu na mwingine inaporomoka kama yangu. Ndo maana mfinyanzi wenye nyufa unaweza kumeza mvua ya kwanza ya msimu yote halafu mvua ya tatu ikapita juu yake kama juu ya sakafu. Namba zote mbili ni za kweli, ila dizaini yako isimamie ile ya mwisho, maana mvua inayofurisha mtaa mara nyingi ni ile inayokuta ardhi tayari imeshiba.

Kwahiyo kanuni yangu kwa mfinyanzi: lowesha kwanza, acha ikae usiku mzima na maji ndani, ndo uanze kuhesabu kesho yake, na uendelee mpaka namba za saa tatu nne mfululizo zinafanana. Ni kazi ya siku mbili kwa sehemu moja. Kama mtu anakwambia kapima mfinyanzi wake kwa dakika arobaini, muulize alipima nini.

Tatizo la pili la seti ni rula. Wameweka kijiti chenye alama za milimita, na kwa mchanga kinatosha, lakini udongo unaoshuka milimita moja na nusu kwa saa huwezi kuusoma kwa jicho, mwanga ukibadilika tu unapata jibu lingine. Dawa ni kupima ujazo badala ya kina. Pete ya sentimita 30 ina eneo la sentimita za mraba 707, kwahiyo kila milimita moja ya maji ni mililita 71. Nimefunga ndoano ya waya yenye ncha ikigusa uso wa maji, kila baada ya saa moja naongeza maji kwa silinda ya kupimia mpaka yaguse ncha tena, naandika nimeongeza mililita ngapi. Mililita 106 kwa saa ndo hiyo milimita 1.5. Ghafla kitu kilichokuwa hakionekani kinaonekana wazi. Njia nzuri zaidi ni chupa ya Mariotte, chupa iliyofungwa juu yenye mrija wa hewa, inashusha maji yenyewe kila usawa ukipungua, unarudi baada ya saa kadhaa kusoma chupa imepungua kiasi gani. Hiyo haimo kwenye seti. Nilijitengenezea mbili kwa madumu ya plastiki angavu na mirija, ila kwa kitu kinachouzwa kama seti kamili ilipaswa iwemo.

Afu kuna jua. Hili sikulitegemea kabisa. Siku ya joto maji ya wazi yanaweza kupoteza milimita 5 kwa mvuke, ukigawa kwa saa 24 ni kama milimita 0.2 kwa saa, na mchana inakuwa zaidi ya hapo. Kwenye mchanga hiyo sio kitu. Lakini jedwali ambalo watafiti wa Marekani, Rawls na wenzake, walilitoa mwaka 1983, ambalo mainjinia wengi wanalitumia mpaka leo, linaweka mfinyanzi mtupu kwenye milimita 0.3 kwa saa, huku mchanga ukiwa karibu 118. Yani kwenye mfinyanzi mkali jua linaweza kukunywea maji karibu sawa na udongo, na wewe ukaandika yote kwa jina la udongo. Funika pete. Mimi natumia turubai juu ya fremu ya mbao, na pembeni naweka beseni lenye maji chini ya turubai hilohilo, napima limepungua kiasi gani natoa kwenye hesabu. Beseni tu, lakini limebadilisha namba zangu kuliko kifaa chochote kingine nilichoongeza.

Joto la maji pia lina mchango. Maji ya nyuzi 10 ni mazito kutiririka (nasema mnato, sio kilo) kwa asilimia 30 hivi kuliko ya nyuzi 20, na ya nyuzi 30 ni mepesi kwa asilimia 20, na maji mazito yanapita polepole kwenye vitundu vidogo. Tumbukiza kipimajoto, andika, rekebisha kwenda nyuzi 20 ili vipimo vya miezi tofauti viweze kulinganishwa. Na kama unaweza, tumia maji ya mvua yenyewe au yanayofanana nayo. Udongo wenye sodiamu nyingi unaanza kutawanyika ukikutana na maji yasiyo na chumvi, chembe zinaachana, zinaziba matundu, wakati maji ya bomba yenye kalisi yanaweza kuzishika zisitawanyike. Unapima kwa bomba unapata namba nzuri, mvua inakuja inapata nyingine.

Kuna jambo moja la kinadharia ambalo naomba mlivumilie kwasababu linaumiza hata wataalamu. Namba inayotoka kwenye pete sio sawa na uwezo wa udongo kupitisha maji ukiwa umeshiba kabisa. Watafiti wawili, Green na Ampt, walilieleza mwaka 1911 kwa njia ambayo bado ni rahisi kuelewa: maji yanasukumwa na uzito wao wenyewe, yanasukumwa na kina kilichosimama juu, na yanavutwa na ukavu wa udongo ulio chini. Kwenye mfinyanzi huo mvuto ni mkubwa, jedwali lilelile la 1983 linauweka sawa na nguvu ya maji yaliyosimama kwa kina cha sentimita 32. Ukiwa na sentimita 15 za maji kwenye pete na unyevu umefika kina cha sentimita 15 tu chini, fanya hesabu utakuta maji yanaingia mara nne ya spidi ambayo udongo utakuwa nayo ukishashiba mpaka chini. Kadri unyevu unavyozidi kushuka hiyo nguvu ya ziada inapungua. Hii ni sababu nyingine ya kuacha pete zikae muda mrefu, na ni sababu ya kutoamini namba ya saa za mwanzo hata kama udongo wako hauna nyufa hata moja.

Sasa kuhusu sehemu ngapi za kupima, na hapa nina jambo moyoni. Nilipima sehemu tisa kwenye uwanja mmoja na kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa tofauti ilikuwa zaidi ya mara ishirini. Sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa chini ya mti wa zamani, mizizi na nyungunyungu wametoboa njia ambazo hazijifungi. Mbovu kuliko zote ni pale magari ya ujenzi yalipokuwa yanapita wakati nyumba inajengwa. Pale pete haikupima kitu kwa saa sita, maji yalikaa kama kwenye sufuria. Gregory na wenzake walipima viwanja vya ujenzi kaskazini ya kati ya Florida wakachapisha mwaka 2006, na kwenye udongo wa kichanga kabisa kushindiliwa kulipunguza unyonyaji kwa asilimia 70 mpaka 99. Huo ni mchanga jamani. Mtafiti Robert Pitt na timu yake huko Alabama, Marekani, walionyesha kwamba kwenye mchanga kinachoharibu zaidi ni kushindiliwa, ila kwenye mfinyanzi vyote viwili vinauma, kushindiliwa na unyevu uliokuwepo. Mfinyanzi ukipitiwa na tairi ukiwa mbichi umeuawa, na inauma kuona viwanja vinashindiliwa kila siku bila mtu kufikiria kwamba pale chini ndo palikuwa panapokea mvua ya mtaa mzima.

Kwahiyo pete mbili pekee hazitoshi kwa eneo kubwa, sehemu tisa kwa siku mbili mbili ni siku 18. Ndo nikajaribu vifaa vingine na nitavisema kwa kifupi. Bomba la Philip-Dunne lililoboreshwa, lile lililoendelezwa Chuo Kikuu cha Minnesota, ni bomba angavu la kipenyo cha sentimita 10, unalipigilia sentimita 5, unajaza mara moja unaangalia maji yanavyoshuka, na unapima unyevu wa udongo kabla na baada. Linatumia lita tatu na kitu tu na unaweza kuweka kumi kwa wakati mmoja, hiyo ndo faida yake kubwa. Kwenye mfinyanzi maji hayaishi siku hiyo, lakini hata sehemu ya mshuko inakuonyesha wapi pazuri wapi pabaya. Mimi sasa natawanya mabomba kwanza, halafu pete mbili naziweka sehemu tatu nilizozichagua kutokana na mabomba. Ukipata namba nyingi usizijumlishe na kugawa tu, maana namba moja kubwa ya kwenye ufa itavuta wastani wote juu, tumia wastani wa kijiometri, yani ule wa kuzidisha namba badala ya kuzijumlisha, au zipange kuanzia ndogo uangalie ya katikati.

Kile kifaa kidogo cha diski chenye kipenyo cha kama sentimita 4.5 sikipendi kwa kazi hii. Kinabana maji kwa mvuto hasi, yani kinayavuta nyuma kidogo yasitoke kwa urahisi, ili nyufa na matundu makubwa yasichangie, jambo zuri kama unafanya utafiti wa udongo wenyewe, ila milimita moja kwa saa kwenye diski hiyo ni kama mililita 1.6 tu, utakesha unaangalia mrija haushuki. Kwa mchanga na tifutifu ni kitamu sana kukitumia, mfinyanzi hapana.

Na kuna shimo la kuchimba, njia ya bure. Uingereza wana mwongozo wa BRE Digest 365, wa taasisi ya utafiti wa majengo, kwa mashimo ya kunyonyea, unajaza shimo mara tatu na kupima muda maji yanashuka kutoka asilimia 75 ya kina mpaka 25. Kwenye mfinyanzi tatizo ni mbili. Koleo au kekee inapaka udongo kwenye kuta kama mtengeneza vyungu anavyolainisha chungu, unapata ukuta uliozibwa na unasema udongo haunyonyi kumbe umeupaka wewe, kwahiyo kwaruza kuta kwa uma wa bustani mpaka zionekane zimechanika. Pili ni maji mengi yanatoka pembeni, sio chini. Ila kama unajenga shimo lenyewe la kunyonyea basi pembeni ndo kunakohusika na njia hii inakufaa kuliko pete zangu.

Namba ukishapata unafanya nazo nini? Miongozo mingi ya maji ya mvua, hasa ya Marekani, inataka kama milimita 13 kwa saa ndo ukubaliane na bustani isiyo na bomba la kutolea maji chini. Mfinyanzi wangu hauko hata karibu. Lakini kushindwa huko hakumaanishi acha, na hapa fundi wa kwanza alikosea. Chukua paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 25, hizo ni lita 2,500. Zimwage kwenye bustani ya mita za mraba 25, unapata kina cha sentimita 10. Kwa milimita 1.5 kwa saa yatazama kwa saa 67 hivi, karibu siku tatu, na hapo sijahesabu mvua iliyodondoka kwenye bustani yenyewe. Miongozo mingi inataka maji yaishe ndani ya saa 48 mpaka 72, mimea isioze mizizi na mbu wasipate muda wa kukua. Ni mpakani kabisa, ila kwa bustani pana na ya kina kifupi inawezekana. Sasa rudia hesabu hiyo kwa ile namba yangu ya saa ya kwanza, milimita 60: yanaisha chini ya saa mbili. Mtu aliyeamini karatasi ya maelekezo angechimba bustani ndogo mara kumi, na mvua ya tatu ingemwingilia ndani, na fundi wa pili angekuwa ndo aliyemshauri.

Mimi nilichimba mita 28 za mraba, mbali na ile njia ya magari, kina kifupi, nikalima chini kwa uma bila kukanyaga ndani, nikachanganya mboji kwenye sentimita 20 za juu, nikaweka bomba lenye matundu chini lenye koki ambayo kwa kawaida naiacha imefungwa, na njia ya kufurikia inayoelekea mtaroni. Katikati nimesimamisha kijiti chenye alama. Mvua kubwa ya kwanza saa kumi na mbili jioni maji yalikuwa sentimita 9, kesho yake saa hizohizo yalikuwa 5 na ushee. Nilikaa pale na daftari langu la vipimo nikilinganisha, nikafurahi kuliko nilivyotegemea.

Jambo la mwisho la kifaa, usikiweke stoo ukishamaliza kujenga. Wiki tatu zilizopita nilirudisha pete zote mbili pamoja na mabomba kwenye alama zilezile. Sehemu mbili ziko palepale, moja imepanda kidogo, nadhani ni mizizi ya majani niliyopanda. Ile ya karibu na bomba la paa imeshuka zaidi ya nusu. Nilipokwangua nikakuta tabaka jembamba la tope laini na vumbi la paa, unene wa nusu sentimita tu, limekaa kama ngozi juu ya udongo. Nimeliondoa, nimepanga mawe pale maji yanapoangukia ili tope libaki hapo, na pete bado zimesimama kwenye hiyo sehemu zikiwa na maji, usiku huu ndo wa pili.